Safari Katika Jangwa na Makorongo

Msomaji, umewahi kuona korongo? Huenda lipo karibu na kijiji chenu. Korongo ni bonde jembamba. Kingo zake zimesimama wima kama ukuta. Mara nyingi maji ndiyo hulichimba.

Leo tutasafiri katika nchi yenye makorongo makubwa sana. Ipo upande wa magharibi wa Marekani. Ni nchi ya jangwa. Mvua ni haba, miti ni michache, na jua ni kali. Serikali ya huko imetenga sehemu nyingi za jangwa hilo kuwa hifadhi za taifa. Kila mwaka mamilioni ya watu huenda kuzitazama. Wengi wao husafiri kwa gari, kutoka hifadhi moja hadi nyingine.

Katika nchi hiyo watu hufa kwa kukosa maji. Katika nchi hiyohiyo watu hufa kwa kusombwa na maji. Mambo hayo mawili yanawezekanaje? Twende tukaone.

BONDE LA MAUTI

Tunaanza katika hifadhi ya Death Valley, jimbo la California. Maana ya jina hilo ni Bonde la Mauti. Sehemu yake ya chini kabisa ipo mita 86 chini ya usawa wa bahari. Ardhi ya hapo ni nyeupe kwa chumvi.

Tarehe 10 Julai 1913 palipimwa joto la nyuzi 56.7 za Sentigredi katika bonde hili. Hadi leo hicho ndicho kipimo rasmi cha joto kubwa kuliko yote duniani. Kumbuka kuwa joto la mwili wa mtu mzima mwenye afya ni nyuzi 37 hivi.

Dereva mwenye busara hujiandaa kabla ya kuingia humo. Hukagua matairi na rejeta. Hujaza petroli. Huchukua maji ya kunywa, angalau lita 4 kwa kila mtu kwa siku. Huchukua na maji mengine kwa ajili ya rejeta.

Je, gari likiharibika njiani ufanye nini? Usiliache. Kaa kwenye kivuli chake, ungoje msaada. Gari huonekana kwa mbali, lakini mtu mmoja jangwani haonekani upesi. Tena, mtu anayetembea juani hupoteza maji mengi kwa jasho. Kichwa humwuma, miguu hulegea, na mwisho akili huchanganyikiwa. Wapo waliokufa kwa sababu waliacha magari yao wakaenda kutafuta msaada kwa miguu.

MAJI YANAYOKUJA GHAFLA

Sasa tunaelekea mashariki. Tunapita mji wa Las Vegas na kuingia jimbo la Utah. Baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 400 tunafika hifadhi ya Zion.

Hapa mto uitwao Virgin umekata mwamba kwa muda mrefu sana. Mahali fulani kuta mbili za mwamba zimesimama mita 300 kwenda juu. Nafasi kati ya kuta hizo ni mita 6 hadi 9 tu. Hakuna njia kando ya mto. Ukitaka kupita, unatembea ndani ya maji yenyewe.

Mahali hapo panapendeza sana, lakini pana hatari. Fikiri juu ya mvua inayonyesha kwenye paa la bati. Bati halinywi maji. Tone lote huteremka chini mara moja. Mwamba wa jangwa ni kama bati. Hauna udongo wa kutosha wala majani ya kuzuia maji. Mvua ya saa moja hukimbilia yote makorongoni. Maji hupanda ghafla, yakibeba mawe na magogo.

Tarehe 14 Septemba 2015 watu 7 waliingia katika korongo moja jembamba la hifadhi hii. Mvua kubwa ikanyesha. Maji yakajaa, na wote 7 wakafa.

Ajali nyingine ilitokea tarehe 12 Agosti 1997 katika korongo la Antelope, kwenye ardhi ya Wanavajo, jimbo la Arizona. Pale walipokuwa wageni ilinyesha mvua kidogo sana. Mvua kubwa ilinyesha kilomita kadhaa kutoka hapo. Maji yake yakaja na kuwaua watu 11. Siku hizi mgeni haruhusiwi kuingia katika korongo hilo bila kiongozi.

Kwa hiyo, usitazame mbingu iliyo juu yako tu. Tazama na kule mto unakotoka. Maji yaliyokuwa safi yakigeuka tope, au ukisikia mngurumo, au ukiona vijiti vingi vikielea, panda mahali pa juu mara moja. Usirudi nyuma kuchukua mzigo.

KORONGO LILILO KUBWA

Mwisho tunafika Grand Canyon, katika jimbo la Arizona. Serikali ilipafanya kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1919.

Korongo hili lina urefu wa kilomita 446. Kina chake kinapita mita 1,600. Ukichukua minazi 80 yenye urefu wa mita 20 na kuisimamisha mmoja juu ya mwingine, ndipo utakaribia kufika juu. Mto Colorado ndio uliolichimba, kwa muda wa miaka milioni 5 au 6. Maji yake yanatoka mbali, kwenye milima yenye theluji. Ndiyo maana mto mkubwa unaweza kupita katikati ya jangwa.

Watu wengi hushuka kwa miguu. Sisi husema, "Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma." Hapa methali hiyo hugeuka. Kushuka ni rahisi, kupanda ndiyo ngoma. Tena, chini kuna joto zaidi kuliko juu. Mtu hushuka akiwa na nguvu, kisha hupanda akiwa amechoka na maji yamekwisha. Wahudumu wa hifadhi huwashauri wageni wasitembee ndani ya korongo kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni wakati wa kiangazi. Pia huwashauri wale chakula chenye chumvi, kwa kuwa chumvi ya mwili hutoka pamoja na jasho.

Lakini wapo watu ambao korongo hili ni kwao. Hao ni Wahavasupai. Wameishi humo kwa mamia ya miaka. Serikali iliwanyang'anya sehemu kubwa ya ardhi yao. Walidai kwa miaka mingi, na mwaka 1975 walirudishiwa sehemu yake. Hakuna barabara ya gari inayofika kijijini kwao.

FUNZO KWETU

Msomaji, huenda hutafika Marekani. Lakini mito ya mchanga ipo hata kwetu, kama ile ya Dodoma na Turkana. Kiangazi tunavuka bila kulowa. Siku nyingine maji huja ghafla, ingawa pale tulipo hakujanyesha hata tone. Mto ukijaa, ngoja upungue. Dereva akitaka kuingiza gari majini, mkatalieni. Kuchelewa kufika ni afadhali kuliko kutofika.

MASWALI

1. Kwa nini ni vizuri kukaa karibu na gari likiharibika jangwani?
2. Mwamba wa jangwa unafanana vipi na paa la bati?
3. Taja dalili tatu za maji yanayokuja ghafla.
4. Je, kuna mto karibu na kijiji chenu unaojaa ghafla? Zungumzeni darasani jinsi ya kuwalinda watoto wanaouvuka.