Mzaha Mzaha Hutumbuka Usaha

Siku shule zinapofunguliwa, pita hapa Makutano ya Kyumbi, pale barabara ya Machakos inapoachana na ile ya Mombasa, uwaangalie watoto wanaongojea matatu. Kila mmoja ana sanduku lake la bati na godoro lililofungwa kwa kamba, na kando yake mzazi anakagua risiti ya karo mara ya pili. Karo tumelipa, sare tumenunua. Ni wachache wetu wanaouliza ni nani atakayempokea mtoto huyu bwenini usiku wa leo.

Niliwaza hayo kwa sababu ya filamu moja ya Marekani iitwayo Bully, ya Lee Hirsch, iliyoonyeshwa kwanza mwaka 2011. Si hadithi ya kubuni. Inafuata watoto wa kweli na jamaa zao katika mwaka wa shule wa 2009 hadi 2010. Jamaa mbili kati ya tano zilifiwa na mtoto aliyejiua baada ya kuonewa na wenzake. Mmoja alikuwa na miaka 11 tu.

Katika basi la shule mjini Sioux City tunamwona mvulana akipigwa, akikabwa, akichomwa kwa penseli. Mama yake anapomwuliza, yeye hujibu kwamba wanamtania tu. Kwani akikubali kwamba hao si rafiki zake, atabaki na rafiki gani? Waliopiga picha walishtuka hata wakawaonyesha wazazi na shule yale waliyoyaona. Wazazi wakaenda shuleni. Mwalimu msaidizi wa mkuu akawaambia kwamba yeye mwenyewe amepanda basi lile, na watoto wale ni wema kabisa. Bila shaka walikuwa wema, siku aliyopanda yeye!

Mwalimu huyo huyo anaonekana akiwaamuru wavulana wawili wapeane mikono. Mwonezi anatoa mkono upesi. Aliyeonewa anakataa, na sasa ndiye anayekemewa, kana kwamba kosa ni lake.

Kwetu tunalicheka jambo hili. Mgeni wa shule ya bweni huitwa “mono”. Ataambiwa azime taa ya stima kwa kuipuliza, apime bweni kwa njiti ya kiberiti, afue soksi za wakubwa. Na sukari aliyofungiwa na mama italiwa mbele yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kuteswa au kutendewa ukatili, wa mwili au wa moyo. Lakini sheria hailali bwenini.

Nami sisemi kama mtu aliye nje. Nilipokuwa kidato cha pili, katika shule nisiyoitaja, nilishika taa wenzangu wakifungua sanduku la mono mmoja. Sikumpiga. Nilishika taa tu. Alituomba tumwachie japo sabuni. Hesabu za mwaka ule nimezisahau zote, lakini sauti ile sijaisahau.

Ndiyo maana habari ya Yusufu hunichoma. Katika Mwanzo 37 ndugu zake wanamtupa shimoni, kisha wanaketi kula. Hapo hatuambiwi kwamba alilia. Tunalisikia katika sura ya 42, miaka ishirini na zaidi baadaye, wanapokamatwa na shida huko Misri: wanakiri wenyewe kwamba waliiona dhiki yake alipowasihi, wasimsikilize. Wala Yusufu hakuwapa mkono siku ile. Alingoja mpaka Yuda alipojitoa awe mtumwa badala ya Benyamini. Hapo ndipo alipowabusu huku akilia. Laiti yule mwalimu wa Sioux City angengoja hivyo.

Basi mtoto akirudi likizo, akishuka hapa Makutano, usimwulize kwanza amekuwa wa ngapi. Mwulize huketi na nani wakati wa kula. Akinyamaza, usimharakishe, shikeni sanduku huku na huku, mwende polepole hadi nyumbani. Na sanduku likifunguliwa, ukaona ndani yake vitu ambavyo wewe hukumnunulia, keti naye vilevile.