Swali la Tabibu: Tuliyojifunza kwa Mjomba Wetu wa Mau Narok



Viazi vingi tunavyovila huku Pwani, vya karai, vya bhajia na vya kutia mchuzini, havioti kwetu. Hutoka bara, katika nchi za baridi, na mojawapo ni Mau Narok, kaunti ya Nakuru, mji mdogo ulio juu ya milima ya Mau, zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari. Huko ndiko alikohamia mjomba wetu, mzaliwa wa Mji wa Kale wa Mombasa, akifuata biashara ya viazi. Na huko ndiko alikojifunza kuvuta sigara.

Tunaandika habari zake kwa idhini yake, kwa sharti kwamba jina lake tusilitaje.

Alifika Mau Narok akiwa kijana, na nguo za joto la Pwani. Usiku, malori yalipokuwa yakipakiwa magunia, aliwakuta wapakiaji wamekusanyika wakipashana joto kwa sigara. Akapewa moja. Miaka zaidi ya 20 baadaye alikuwa akimaliza pakiti nzima kwa siku, na kila tulipomsihi alitujibu kwa mzaha, "Wanangu, hili ni jiko langu la mfukoni."

Kisha kikaja kikohozi. Katika muda wa miaka miwili alikwenda kutibiwa mara nne, mahali mbalimbali. Alipewa dawa ya maji, akapewa vidonge vya kuua vijidudu, akapimwa makohozi kwa kuhofia kifua kikuu, akapigwa picha ya kifua. Kifua kikuu hakikuonekana, alhamdulillahi. Lakini katika mara zote nne hakuna aliyemuuliza kama anavuta. Yeye mwenyewe hakusema. Na mkewe, aliyekaa naye kwenye benchi kila safari, hakusema pia, kwa kuwa aliona kusema ni kumvunjia mumewe sitara mbele ya watu.

Mara ya tano aliangukia kwa tabibu mwingine, msichana ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yake wa mwisho. Alimuuliza maswali ya kawaida, kisha kwa sauti ile ile akaongeza, "Mzee, unatumia tumbaku ya aina yoyote? Sigara, ugoro?"

Mjomba alimtazama mkewe. "Navuta," akasema. "Lakini si sana."

"Ukiamka, ya kwanza unavuta saa ngapi?"

"Baada ya Alfajiri. Kabla ya chai."

Tabibu akaandika. Hakushtuka wala hakutikisa kichwa. Akamwambia, "Mzee, kifua hiki hakitatulia ukiendelea kuvuta. Kuacha ni dawa kubwa kuliko zote nitakazokuandikia leo. Ungependa kuacha?"

"Nimejaribu. Siwezi."

"Ulipojaribu, ulikaa muda gani?"

Hapo mjomba alicheka. Akamweleza kwamba kila Ramadhani hukaa mchana kutwa bila ya kuigusa, na adhana ya Magharibi ikilia hula tende moja, hunywa maji, kisha huitafuta sigara. Tabibu hakuwa Muislamu, lakini alilishika jambo hilo mara moja. "Basi wewe si mtu asiyeweza," akamwambia. "Saa 13 kila siku, siku 30. Wengi wanaokuja hapa hawajawahi kukaa hata saa tatu. Chagua siku ya kuanza, kisha urudi kwangu baada ya wiki moja."

Mjomba alichagua mwezi mosi Ramadhani, iliyokuwa imebakiza siku 12. Mazungumzo yote, kwa hesabu ya mkewe, hayakuzidi dakika tano.

Tulipopanda kumzuru, tulitamani kumwona tabibu huyo na kumshukuru. Tulimuuliza amejifunza wapi kusema na mvutaji namna ile. Alitueleza kwamba chuoni alifundishwa maradhi yanayoletwa na tumbaku, moja baada ya jingine, na akayajibu vizuri katika mtihani. Ila namna ya kuzungumza na mtu anayevuta hakufundishwa mpaka alipokwisha kuajiriwa, katika mafunzo ya siku mbili. Huko waliwekwa wawili wawili, mmoja akawa mvutaji na mwenziwe tabibu. Zamu yake ilipofika alimhubiria mwenzake dakika kumi juu ya saratani na moyo. Mwalimu akamuuliza, "Umejua nini juu ya mgonjwa wako?" Hakuwa amejua chochote.

Tumekuwa tukilirudia swali hilo tangu siku ile, kwani linatuhusu nasi pia. Wangapi katika sisi tumewahubiria waume zetu, baba zetu na kaka zetu, tusiwaulize lolote?

Mambo aliyoyafanya tabibu yule si ufundi wake peke yake. Ni mpango unaojulikana duniani, wenye hatua tano: kumuuliza kila mgonjwa kama anatumia tumbaku, kumshauri waziwazi aache, kupima kama yuko tayari, kumsaidia kupanga namna ya kuacha, na kumpa miadi ya kurudi. Kenya iliuridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004, na kifungu cha 14 cha mkataba huo kinazitaka serikali ziwasaidie watu kuacha. Sheria yetu ya kudhibiti tumbaku ilipitishwa mwaka 2007, na mwaka 2017 Wizara ya Afya ikatoa mwongozo wa taifa wa kuwatibu waliozoea tumbaku. Kwa hivyo maandishi tunayo. Kinachosalia ni kuyafikisha katika chumba cha tabibu.

Je, maneno ya dakika chache yana nguvu kweli? Mwaka 1979 Michael Russell na wenzake walichapisha utafiti waliofanya kwa madaktari 28 wa jijini London na wagonjwa wao wavutaji zaidi ya 2,000. Katika wale ambao hawakuambiwa kitu, walioacha na kudumu mwaka mzima hawakufika hata mmoja katika mia. Katika wale walioshauriwa na daktari wao kwa dakika moja au mbili, wakapewa kijitabu na kuambiwa kwamba watafuatiliwa, walioacha walikuwa watano katika mia. Mtu atasema watano ni wachache. Lakini tujiulize ni wavutaji wangapi hupita mbele ya tabibu mmoja kwa mwaka, na matabibu ni wangapi. Na mapitio ya mwaka 2012, yaliyokusanya tafiti 17, yalionyesha kwamba matabibu waliofunzwa huwauliza wagonjwa zaidi, huwapangia siku ya kuacha na kuwapa miadi zaidi, na wagonjwa wao huacha zaidi kuliko wa wale wasiofunzwa.

Mahitaji ni makubwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikadiria kuwa watu wazima 2.5 milioni nchini Kenya hutumia tumbaku. Kati ya wanaume ni 19.1 kwa mia, na kati ya wanawake ni 4.5 kwa mia. Wengi wao, wakiumwa, hawaonani kwanza na daktari bingwa. Huonana na tabibu wa kituo cha afya, muuguzi wa zahanati, au mhudumu wa afya wa kijijini. Nakuru ina chuo cha mafunzo ya utabibu cha serikali, na Chuo Kikuu cha Egerton, ambacho makao yake ni Njoro, njia moja na Mau Narok, husomesha madaktari. Tangu Septemba 2023 nchi nzima imewekewa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaopita nyumba kwa nyumba. Kama kila mmoja wa hawa angefunzwa kuuliza swali lile na kujua la kufanya baada ya jibu, wangapi wangefikiwa kabla kikohozi hakijawapata?

Kwa nini basi matabibu hawaulizi? Yule wa Mau Narok alitutajia sababu tatu bila ya kuwalaumu wenziwe. Ya kwanza ni foleni, watu wengi na saa chache. Ya pili ni haya, maana kijana huona vigumu kumuuliza mzee, na huona vigumu zaidi kumuuliza mwanamke. Ya tatu, ambayo aliiona kubwa kuliko zote, ni kwamba tabibu asiyejua amsaidieje mgonjwa huogopa kufungua mlango asioweza kuufunga.

Sababu hiyo ya tatu ndiyo inayotibika kwa mafunzo. Tabibu hufundishwa kwamba mwili uliozoea nikotini hulalamika ukiikosa. Mtu huwa mkali, hukosa usingizi, huona njaa. Siku za kwanza ndizo ngumu zaidi, na baada ya wiki mbili mpaka nne mambo hutulia. Hufundishwa kwamba anayevuta mara tu aamkapo amefungwa sana na nikotini na huhitaji msaada zaidi. Hufundishwa pia dawa zilizopo. Julai 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa matibabu ya kuacha tumbaku kwa watu wazima, na ndani yake limependekeza ushauri mfupi wa nusu dakika mpaka dakika tatu kwa kila mtumiaji, pamoja na dawa za badala ya nikotini, kama vile vibandiko na chingamu, na vidonge vya vareniklini, bupropioni na sitisini. Kituoni kwa mjomba hapakuwa na hata moja ya dawa hizo. Tabibu alimwambia ukweli, kwamba atazitafuta mjini Nakuru na kwamba bei yake si nyepesi. Kwa hiyo tunapodai mafunzo, tudai na dawa.

Mjomba alimaliza Ramadhani bila ya sigara, usiku na mchana. Kisha, siku ya tatu ya Shawwal, usiku wa kupakia lori, baridi kali, akapewa moja akaivuta. Asubuhi alitaka asirudi tena kituoni kwa aibu. Mkewe ndiye aliyemwambia, "Miadi ni Jumanne. Twende." Tabibu alimsikiliza, kisha akasema, "Vizuri. Sasa tumejua adui anakaa wapi. Usiku wa kupakia lori tutafanyaje?" Wakakubaliana achukue chupa ya tangawizi moto, aweke iliki mfukoni ya kutafuna, na asimame mbali na wavutaji mpaka ile hamu ipite, kwa kuwa hamu ikimjia mtu hudumu dakika chache tu.

Tulipomtembelea alikuwa ametimiza miezi minane. Kikohozi hakijaisha kabisa, kwani mapafu yaliyoumia miaka 20 hayarudi yote. Lakini anapanda mlima wa kwake bila ya kusimama njiani. Tena ana la kutarajia. Madaktari wanaume wa Uingereza waliofuatiliwa kuanzia 1951, katika utafiti ulioongozwa na Richard Doll, matokeo yao ya miaka 50 yalionyesha kwamba wavutaji walipoteza kiasi cha miaka 10 ya umri. Na aliyeacha akiwa na miaka 50 alijipatia kiasi cha sita katika hiyo, na aliyeacha na miaka 60 alijipatia mitatu. Umri umo mikononi mwa Mwenyezi Mungu, nasi tumeamrishwa kuushika mwili kama amana.

Wasomaji wetu, khasa kina mama, hatuna budi kusubiri serikali iwafunze matabibu wote, lakini tusisubiri tumekaa. Yako tuwezayo leo.

Tukimpeleka mgonjwa, tuseme. "Daktari, mzee anavuta, naye angependa kusaidiwa." Kumtajia tabibu si kufichua aibu ya mtu, ni kumpa tabibu anachokihitaji. Ila tukubaliane kwanza na mwenyewe mgonjwa nyumbani, ili isiwe kumshtaki.

Tusijitoe na sisi. Wako kina mama wanaotia tumbaku katika tambuu, na wako mabibi wanaonusa ugoro, ambao wakiulizwa kama wanavuta watajibu kwa ukweli kwamba hawavuti. Wako pia vijana wanaodhani shisha ni maji na manukato tu, na ndani yake mna tumbaku. Kwa hiyo swali lililo sawa ni lile la Mau Narok, la tumbaku ya aina yoyote. Na aliye mjamzito, au anayeishi na mvutaji, amwambie muuguzi wa kliniki, maana moshi wa mwingine humdhuru yeye na aliye tumboni.

Tuulize kabla ya kuhubiri. Umejaribu lini? Ulikaa muda gani? Nini kilikurudisha? Na akianguka, tumkumbushe miadi yake. Asiye na tabibu karibu anaweza kupiga simu nambari 1192 ya NACADA, bila ya malipo.

Tulipoagana, mjomba alitutilia viazi gunia zima kwenye buti la gari, kisha akatia mkono mfukoni. Kwa mazoea tulikunja nyuso. Akatoa iliki, akatugawia moja moja.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na awape elimu yenye manufaa wanaowatibu. Amin.