Wimbo Una Mwenyewe

Likitajwa jina la Mwamanyili, kata ya wilaya ya Busega katika mkoa wa Simiyu, wengi hukumbuka pamba, ng'ombe na samaki wa Ziwa Viktoria. Wana haki kukumbuka hivyo, maana hivyo ndivyo vinavyowalisha wenyeji. Lakini nchi ya Wasukuma ina zao jingine lisilopimwa kwenye mizani ya chama cha ushirika, nalo ni wimbo. Leo twapenda kusema juu ya watu wanaolilima zao hilo, njia wanayopita mpaka wakajulikana, na haki ambayo hawajaipata.

Kila zitajwapo nyimbo hizi, watu huziita nyimbo za asili. Neno hilo lina sura njema, lakini lina hila ndani yake. Humfanya msikilizaji adhani kwamba wimbo wa Kisukuma huota wenyewe kama nyasi za masika, bila ya kupandwa wala kupaliliwa. Mambo hayako hivyo. Ngoma yaweza kuwa mali ya kabila zima, na mapigo yake yaweza kuwa urithi wa mababu. Lakini wimbo wenyewe, maneno yake na sauti yake, una mtu aliyekesha akiutunga. Katika Kiswahili mtu huyo twamwita manju. Wasukuma humwita ningi.

Shule ya kwanza ya manju ni shamba. Tangu zamani vijana wa Usukuma hulima kwa makundi, wakikodiwa na mwenye shamba kwa ng'ombe, kwa mbuzi au kwa fedha. Katika bugobogobo, ngoma ya jembe, wapigaji huwahimiza wakulima waliojipanga safu, na majembe hupanda na kushuka kwa mapigo mamoja. Kijana huanza kwa kuitikia tu. Akionekana ana sauti na kumbukumbu, siku moja kiongozi akichoka humwachia ubeti. Akishindwa, wenziwe humcheka na kazi hulegea. Akifaulu, shamba huisha kabla ya jua kuwa kali. Hapo hujifunza kwamba wimbo usiomsaidia mtu kufanya kazi yake haufiki mwisho wa tuta.

Shule ya pili ni mashindano. Tangu karne ya 19 wachezaji wa Usukuma wamegawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu, wakifuata urithi wa mabingwa wawili walioshindana, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno pande hizo hukutana na kucheza wakati mmoja katika viwanja vilivyo karibu, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Hapo umati ndio mwamuzi, nao hukata shauri kwa miguu yake. Kila upande hutafuta dawa za mvuto na hila za kuwashangaza watazamaji. Hata hivyo manju aliyekuja na nyimbo za mwaka jana hubaki na kiwanja kitupu. Hana budi kutunga mapya: juu ya njaa, juu ya bei ya pamba, juu ya ndoa, juu ya viongozi, na juu ya mpinzani wake.

Akiisha kufaulu katika shule hizo mbili, manju hufanya jambo la tatu: hulitia jina lake ndani ya wimbo. Hujitaja yeye na baba yake, na pengine kijiji chake. Wasiojua hudhani ni majivuno. Sisi twaona kuwa ni muhuri. Washairi wa mwambao nao walizoea kutaja jina na mji wao katika beti za mwisho. Mtu aliyekuwa hana karatasi wala wakili aliweka hati yake mahali ambapo kila mwimbaji angeisoma kwa kinywa chake.

Wala kazi ya manju haikuwa burudani tupu. Kati ya 1954 na 1958 serikali ya kikoloni iliizuia TANU isiendeshe matawi yake katika Usukuma. Mikutano ilikatazwa, lakini hapana askari aliyeweza kuwakataza watu kuimba wakilima, na nyimbo zilichukua habari za ushirika wa pamba uliosimamishwa na Paul Bomani na wenziwe, pamoja na habari za uhuru. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akasikitika jinsi elimu ya kikoloni ilivyowafunza Waafrika kuona fahari ya dansi za kigeni na kuzionea haya ngoma zao. Katika shule nyingi za misheni ngoma ilihesabiwa kuwa dhambi. Yafaa hata hivyo kumtaja Padre David Clement, ambaye kule Bujora, karibu na Mwanza, aliikaribisha ngoma ya Kisukuma kanisani, na sikukuu ya Bulabo ikawa uwanja mkubwa wa Bagika na Bagalu.

Wako watungaji wa nchi yetu waliopata bahati ya kuandikwa. Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, aliyekuwa akitembeza vyungu vya kuuza, alisafiri mwaka 1928 hadi Bombay kuimba katika sahani za santuri, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Marehemu Mwinamila wa Tabora, pamoja na kikundi chake cha Hiari ya Moyo, alisikika nchi nzima kwa njia ya redio. Kwa upande wa Usukuma, mtaalamu wa muziki kutoka Marekani, Frank Gunderson, alikusanya nyimbo za kazi zaidi ya 300, akazitoa katika kitabu mwaka 2010, akizieleza pamoja na watungaji wake. Kazi hiyo yatufundisha kwamba jina la mtungaji hupatikana. Hapana budi aulizwe.

Tatizo ni kwamba hatuulizi. Siku hizi wimbo wa manju hurekodiwa kwa simu arusini, hunakiliwa vibandani, hupigwa ndani ya mabasi na kusambazwa katika mtandao, na mwenyewe hapati hata nauli. Mwanamuziki wa mjini aweza kuchukua kiitikio, akaongeza kinanda, na akiulizwa hujibu kuwa ni wimbo wa asili. Ukifika wakati wa uchaguzi manju hutafutwa mchana na usiku. Hupandishwa juu ya gari, huimba mpaka sauti ikakauka, kisha hupewa fulana na soda. Wale wanaompa soda ndio hao hao waliotoka jukwaani kuhubiri kwamba kila mtu na ale kwa jasho lake!

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inayotumika Tanzania Bara, humpa mtungaji haki juu ya kazi yake tangu aitungapo, katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Sheria hiyo hulinda pia sanaa za jadi, zile zilizo urithi wa jamii nzima. Hayo ni makapu mawili mbalimbali. Kumtia manju aliye hai katika kapu la jadi ni kumzika angali anapumua.

Basi twasema hivi. Yeyote amwitaye manju, awe chama, kampuni au mwenye arusi, apatane naye ujira kabla ya ngoma kulia, na amlipe siku ile ile. Watangazaji wa redio wautajapo wimbo wamtaje na mtungaji. Maofisa utamaduni wa halmashauri wawe na daftari la kila kata, lenye jina la wimbo, jina la mwenyewe na mwaka alioutunga. Kazi hiyo yahitaji kalamu na miguu kuliko fedha. Na ninyi mamanju wa Mwamanyili na Busega nzima, msikubali kuambiwa mjifute katika nyimbo zenu ili zipendeze mjini.

Mfanyakazi wa kiwandani ajua uchungu wa kutoa jasho na kupokea shukrani tupu. Mkulima wa pamba ajua uchungu wa kupunjwa kwenye mizani. Hatuoni sababu ya watu hao, waliopigania haki zao kwa miaka mingi, kumfanyia mtunga nyimbo yale waliyoyakataa wao. Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa. Manju wa Mwamanyili acheza kwao kila mwaka. Bado kutunzwa.