Hisa Isiyo na Soko: Ugomvi wa Wabia Unagharimu Kiasi Gani?

Mwaka 1970 kampuni ndogo ya mambo ya uchapaji huko Massachusetts, Marekani, ilinunua hisa 45 kutoka kwa mwanahisa wake mkubwa aliyekuwa akistaafu. Bei ilikuwa dola 800 kwa hisa, jumla dola 36,000, na wanawe walikuwamo kwenye bodi iliyoidhinisha malipo hayo. Mjane wa mfanyakazi wa siku nyingi wa kampuni hiyo naye alikuwa na hisa 45. Aliposikia habari hiyo alitaka alipwe sawa na mzee, akakataliwa. Huko nyuma familia yake iliwahi kutajiwa bei za kati ya dola 40 na dola 200 kwa hisa.

Tupige hesabu. Kwa dola 40, mjane angeondoka na dola 1,800. Kwa dola 200, dola 9,000. Kwa bei ya mzee, dola 36,000. Kampuni ni ileile na idadi ya hisa ni ileile, ila kati ya bei ya chini na ya juu kuna tofauti ya mara ishirini, na kilicholeta tofauti hiyo ni nani anakaa upande gani wa meza. Mwaka 1975 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo iliamua kwamba ama mzee arudishe fedha pamoja na riba, ama kampuni inunue hisa zote za mjane kwa dola 36,000 zilezile. Kesi ya Donahue, kama inavyojulikana, bado inafundishwa kwa wanasheria, na nadhani ingefaa kufundishwa kwa wafanyabiashara kabla yao.

Watu wakizungumzia gharama ya ugomvi wa wabia hufikiria ada za mawakili. Ada zinauma, lakini mara nyingi si shimo kubwa kuliko yote. Shimo kubwa ni kwamba hisa ya kampuni binafsi haina bei mpaka atokee mnunuzi, na mnunuzi wa uhakika karibu siku zote ni mtu yuleyule mliyekosana naye.

Sheria yenyewe ndiyo iliyoweka hivyo. Tanzania na Kenya, kampuni binafsi haizidi wanachama 50, huwekea mipaka uhamishaji wa hisa, na hairuhusiwi kuuzia umma hisa zake. Mtu mwenye hisa za kampuni iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam akichoka, humpigia dalali wake akauza. Mwenye asilimia 30 ya kiwanda cha kusaga unga Mwanza hana dalali wa kumpigia. Mgeni mwenye akili timamu hatalipa fedha nzuri ili arithi ugomvi, mahali ambapo kura yake haitoshi kumwondoa hata mkurugenzi mmoja.

Ngazi za asilimia nazo si laini kama mteremko, zina mikato. Kura zaidi ya nusu zinatosha kumwondoa mkurugenzi. Robo tatu zinatosha kubadili katiba ya kampuni, kwa hiyo mwenye zaidi ya robo anaweza kuzuia. Kati ya asilimia 26 na 49 hakuna mkato wa maana, na hapo ndipo wengi hujidanganya. Mbia mwenye 45 anaonekana mkubwa, kumbe nguvu yake kwenye kikao ni ileile ya mwenye 26.

Mfano ambao mahakama zinazofuata mkondo wa sheria ya Uingereza, zetu zikiwemo, huujua vizuri ni wa wauza mazulia wawili wa London. Walifanya kazi kwa ubia tangu miaka ya arobaini, nusu kwa nusu, na mwaka 1958 wakafungua kampuni yenye hisa 1,000: 500 kwa 500. Muda si mrefu mtoto wa mmoja wao akakaribishwa, na kila mzee akamkatia hisa 100. Hesabu ikawa 400, 400 na 200. Kila mmoja alitoa sawa na mwenzake, kwa hiyo hakuna aliyeona tatizo. Lakini mmoja alikuwa amempa mwanawe, mwingine amempa mtoto wa mwenzake. Mwaka 1969 baba na mwana wakapiga kura 600 dhidi ya 400 na kumwondoa yule mzee mwingine, Ebrahimi, kwenye ukurugenzi. Faida ya kampuni haikuwahi kutolewa kama gawio. Ilikuwa inalipwa kama ujira wa wakurugenzi. Kwa hiyo kura moja ilimnyang'anya kiti na kipato chote, akabaki na asilimia 40 ya kitu kisichomlipa hata senti. Mwaka 1972 Baraza la Malodi liliamuru kampuni ivunjwe. Mwanahisa alishinda, ila ushindi wenyewe ulikuwa kuua duka.

Sasa tuongeze ukubwa, turudi Massachusetts. Mwaka 1954 ndugu wawili, Telemachus na George Demoulas, walinunua duka la vyakula la wazazi wao, wahamiaji kutoka Ugiriki, mjini Lowell. Bei ilikuwa dola 15,000, kila mmoja nusu. George alifariki mwaka 1971, na Telemachus akabaki kuendesha biashara na kuisimamia mali ya familia ya marehemu. Mwaka 1990 familia ya George ilifungua kesi ikidai kwamba hisa zao zilikuwa zimehamishwa kidogo kidogo mpaka wakabaki na takriban asilimia 8. Walioishi na mirathi ya kiswahili hawahitaji kuelezwa zaidi.

Walishinda. Mahakama iliwarudishia asilimia 50.5 ya kampuni, na fidia ikapita dola milioni 200. Kesi na rufaa zake zilichukua miaka mingi. Hapo katikati vita vilikuwa vikali kiasi kwamba mawakili wa upande ulioshindwa walimtengenezea karani wa zamani wa jaji usaili wa kazi isiyokuwepo, wakampandisha ndege hadi Halifax, Kanada, ili wamchokonoe habari za jaji. Mwaka 2008 wawili kati yao walifutwa uwakili; wa tatu naye alisimamishwa miaka mitatu. Gharama ya namna hiyo haimo kwenye jedwali lolote la ada.

Hukumu ilikuwa na tarakimu moja ya hatari: 50.5 kwa 49.5. Kampuni iliyofika mauzo ya zaidi ya dola bilioni 4 kwa mwaka ilikuwa inategemea pengo la asilimia moja. Kwa miaka kadhaa mjane mmoja wa upande wa George alikuwa akipigia kura upande wa pili, ndipo Arthur T. Demoulas, mwana wa Telemachus, akaweza kuongoza maduka ya familia, yaitwayo Market Basket, tangu 2008. Mwaka 2013 mjane huyo akageuza kura. Juni 2014 Arthur T. akafukuzwa na bodi iliyokuwa upande wa binamu yake, Arthur S.

Kilichofuata hakikutazamiwa na wakili yeyote. Kampuni ilikuwa na maduka 71 na wafanyakazi wapatao 25,000, na hawakuwa na chama cha wafanyakazi. Walipoacha kupeleka bidhaa wakidai Arthur T. arudishwe, rafu zikabaki tupu, wateja wakahamia kwingine kwa wiki sita, na magavana wa majimbo mawili wakaingia kusuluhisha. Mwishoni mwa Agosti makubaliano yakafikiwa: Arthur T. na dada zake wanunue ile asilimia 50.5 kwa takriban dola bilioni 1.6, sehemu kubwa ikiwa ni mkopo.

Ukigawa bilioni 1.6 kwa 50.5 unapata kiasi cha dola milioni 32 kwa kila asilimia moja, na kampuni nzima zaidi ya bilioni 3. Ni zaidi ya mara laki mbili ya zile dola 15,000. Ila deni la kumtoa mbia lilibaki kwenye mabega ya biashara iliyokuwa imejengwa karibu bila mikopo. Wala hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2025 bodi ilimweka Arthur T. pembeni mwezi Mei, na Septemba ikamfukuza. Safari hii waliokuwa na wingi ni dada zake watatu, wenye takriban asilimia 60 dhidi ya 28 zake. Aliungana nao kununua, akajikuta tena chini ya nusu.

Nusu kwa nusu nako kuna bei yake. TransPerfect, kampuni kubwa ya tafsiri ya New York, ilikuwa na hisa 100: 50 za mwanzilishi mmoja, 49 za mwenzake, na 1 ya mama wa huyo wa pili. Waliwahi kuwa wachumba, na kampuni ilikuwa inapata faida nzuri wakati wote wa ugomvi. Mwaka 2015 mahakama ya Delaware iliteua msimamizi ili iuzwe kwa sababu tu wenyewe walishindwa kukubaliana hata juu ya kugawana faida. Huyo wa pili alitozwa dola milioni 7.1 kwa mwenendo wake katika kesi. Mwaka 2018 akamnunua mwenzake kwa dola milioni 385.

Kwetu tarakimu ni ndogo, kanuni ni zilezile. Tuchukue mfano wa kubuni: duka la vifaa vya ujenzi lenye thamani ya shilingi milioni 500, wabia wawili, 60 kwa 40. Kwa hesabu ya darasani, mdogo ana milioni 200. Mthamini akikata asilimia 30 kwa kuwa hisa zake hazina usemi wala soko, zinabaki milioni 140. Kesi ikichukua miaka mitano bila gawio, na fedha hizo zingeweza kuzaa asilimia 10 kwa mwaka kwingineko, zile milioni 140 za mwisho wa safari ni sawa na milioni 87 za leo. Zaidi ya nusu imekwishayeyuka na wakili hajalipwa.

Ndiyo maana lile punguzo la asilimia 30 hupiganiwa kuliko jambo jingine lolote. Mahakama za Uingereza, tangu kesi ya Bird Precision Bellows katika miaka ya themanini, huelekea kutolikata pale kampuni ilipokuwa kwa kweli ubia wa watu wanaoaminiana na mdogo akasukumwa nje bila kosa. Kifungu cha 233 cha Sheria ya Makampuni ya Tanzania ya 2002, na cha 780 cha sheria ya Kenya ya 2015, vinampa mwanahisa aliyeonewa mlango wa kwenda mahakamani, na jaji anaweza kuamuru hisa zake zinunuliwe. Kwenye mfano wetu, kuondoa punguzo peke yake kunarudisha milioni 60.

Njia ya bei rahisi ni kuandika kanuni ya bei siku mnaposajili kampuni, wakati hakuna anayejua ni nani atakayetoka. Wengi huchukua katiba ya kunakili, wanabadilisha majina na kwenda kusajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania. Wachache wanaoandika mkataba wa wanahisa hupenda kipengele cha mmoja kutaja bei na mwenzake kuchagua kununua au kuuza. Kinasikika cha haki mpaka uangalie mifuko. Katika duka letu la milioni 500, mkubwa akitaka kumtoa mdogo anahitaji milioni 200, mdogo akitaka kumtoa mkubwa anahitaji 300. Mwenye benki nyuma yake anaweza kutaja thamani ya milioni 350 akijua mwenzake hana milioni 210 za kumgeuzia kibao. Kipengele kama hicho kisipoambatana na mthamini huru na ruhusa ya kulipa kwa awamu, humpa mwenye fedha punguzo lile ambalo mahakama ingemkatalia.