Aliacha ski akiwa bado na nguvu

Wachezaji wengi wanangoja mpaka magoti yakatae. Marjo Matikainen, mwana wa Lohja mu Finland, hakungoja. Mu 1988, kule Calgary, alipata zahabu ya Olimpiki mu ski ya kilometa 5. Alimupita Tamara Tikhonova wa Soviet kwa sekunde 1,3 tu. Mwaka uliofuata, zahabu ingine mbili mu mashindano ya dunia pale Lahti, mu inchi yake mwenyewe. Kisha akaacha. Miaka 24!

Akashika vitabu, akatoka injeniere. Siasa ilikuja nyuma: mu 1996 aliingia bunge la Ulaya, kwa jina la Matikainen-Kallström, na huko alifuata sana mambo ya nishati.

Chama chake ni cha mrengo wa kuume. Sisi watu wa sendika tungebishana naye juu ya mishahara mpaka usiku. Lakini njo vile tunapenda deputé: mwenye kujua umeme unatokaga wapi, si mwenye kuonyesha medali tu. Kutoka Ulaya alienda bunge la Finland, akakaa mule mpaka 2015.