Makundi ya Galaksi Yanapogongana

Mitwaba, katika jimbo la Haut-Katanga, iko karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta. Nafasi hiyo ina faida: kundi la galaksi la Coma, la anga ya kaskazini, hupita juu vya kutosha hapo, na Abell 3667, la kusini ya mbali lisilochomoza kamwe Ulaya, nalo hupanda vizuri. Macho matupu hayayaoni. Antena za redio huyaona, na huonyesha alama za migongano mikubwa kuliko yote tangu Mlipuko Mkuu.

Kundi moja huwa na galaksi mamia hadi maelfu, lakini sehemu kubwa ya maada yake ya kawaida ni gesi nyembamba yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi. Makundi mawili yakivutana, hukutana kwa kasi ya kilomita elfu moja na zaidi kwa sekunde. Galaksi hupishana, maana kati yao pana nafasi tele. Gesi haipishani: hukorogeka, na mawimbi ya mshtuko hutangulia kama maji yanavyojikunja mbele ya mtumbwi kwenye Ziwa Upemba.

Vurugu hiyo husukuma elektroni hadi zikaribie kasi ya mwanga. Zikizunguka ndani ya usumaku ulio dhaifu mara laki kadhaa kuliko wa Dunia, hutoa mawimbi ya redio. Gesi iliyokorogeka huzaa wingu pana katikati, kama la Coma. Mshtuko huzaa matao pembeni, kama mawili ya Abell 3667. Maumbo hayo hufikia upana wa miaka ya nuru milioni tatu na zaidi. Elektroni huishiwa nguvu kwa takriban miaka milioni mia moja, kabla ya kusambaa umbali huo. Basi ni lazima ziongezewe nguvu papo hapo zilipo.

Darubini ya MeerKAT ya Afrika Kusini, iliyozinduliwa 2018 ikiwa na antena 64, imechunguza makundi 115 na kukuta mawimbi ya redio yaliyosambaa hivyo katika 62. Picha na data zake ziko wazi kwa umma. Mwanafunzi wa fizikia wa Lubumbashi mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuzipakua na kuanza utafiti wake mwenyewe. Aanze.