Kutembea na Kamera Dilolo: Jinsi ya Kuonyesha Mwinuko Usioonekana

Picha nyingi za mkoa wa Lualaba, Kongo (DRC), zinazozunguka duniani ni za migodi: shimo la Kolwezi, foleni ya malori, kijana aliyejitwisha gunia la mawe ya kobalti. Ni picha za kweli na zina kazi yake. Lakini mkoa huu una teritwari tano, yaani Dilolo, Kapanga, Lubudi, Mutshatsha na Sandoa, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni misitu ya miombo, mbuga za nyasi na mabonde ambayo wenyeji huyapita kila siku kwa miguu na kwa baiskeli. Nchi hiyo haijulikani kwa sababu wanaoipita hawajaipiga picha za kutosha, na wenye kamera kubwa huishia Kolwezi.

Kijana wa Dilolo mwenye simu anaweza kuanza kuliziba pengo hilo kwa kutembea, kupanda vilima na kuwaonyesha wengine alichokiona. Hata hivyo, picha ya matembezi haipati thamani kwa kupendeza tu. Thamani yake ni kumweleza asiyefika huko jinsi ardhi ilivyokaa. Kwa Dilolo kazi hiyo inataka akili, maana ardhi yenyewe haijitangazi.

Aliyezoea picha za Kilimanjaro au Nyiragongo hutafuta kilele kwanza. Dilolo hakuna kilele cha namna hiyo. Mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, lakini ukisimama pale unaona tambarare. Ukielekea kusini, ng'ambo ya mpaka wa Angola, tambarare hiyo inafika kwenye mgongo unaogawa maji ya Afrika. Mto Kasai hutoka Angola ukielekea mashariki, kisha karibu na Dilolo hukata kona kwenda kaskazini na kuwa mpaka wa nchi mbili. Maji yake huingia Mto Kongo na kuishia Atlantiki. Maji ya upande wa pili hufuata Zambezi hadi Bahari ya Hindi. Mashariki zaidi, mpaka wa Kongo na Zambia umechorwa juu ya mgongo huohuo. Matone mawili ya mvua moja yanaweza kuishia katika bahari mbili, na aliyesimama kati yake asihisi kilima chochote.

David Livingstone alipita Ziwa Dilolo, lililoko upande wa Angola, Februari 1854 akielekea Luanda. Alivuka tambarare za nyasi zilizofurika maji ya mvua na hakutambua mara moja maana ya alichokiona. Aliporudi kwa njia hiyo mwaka 1855 ndipo alipoelewa kwamba maji ya sehemu ile yanashuka pande mbili, kaskazini kuelekea Kasai na kusini kuelekea Zambezi. Wenyeji walioishi kando ya mito hiyo hawakumsubiri yeye kujua maji yao yanaelekea wapi. Funzo kwa mpiga picha ni kwamba nchi ya aina hii haisomeki kwa kupita mara moja.

Kwa hiyo picha moja haitoshi. Unahitaji mfululizo unaofuata mteremko. Anza juu, kwenye miombo iliyoota katika mchanga usiotuamisha maji. Shuka hadi miti inapokoma ghafla na nyasi kuanza. Mstari huo ndio ushahidi wako: mahali maji yanapotuama masika, mizizi ya miti hukosa hewa na nyasi hutawala. Endelea hadi kwenye udongo mweusi wa bondeni, kisha kwenye kijito chenyewe. Picha nne zilizopangwa kwa utaratibu huo zinamwonyesha mtazamaji mteremko ambao jicho peke yake lingeukosa.

Saa nayo ni muhimu. Jua la saa sita mchana hufuta vivuli, na kila kitu huonekana bapa kama meza. Asubuhi na mapema, au alasiri jua likishuka, kivuli cha kila mwinuko hurefuka na umbo la ardhi hujitokeza. Weka pia kitu cha kupimia, kama mtu aliyesimama au baiskeli. Kichuguu kinafaa kuonyeshwa chenyewe, lakini si kipimo, kwa kuwa katika savana za Katanga, mkoa wa zamani uliojumuisha Lualaba, vipo vya urefu wa kiuno na vipo vinavyofika mita 8. Asiyeijua nchi hataweza kukisia.

Ukirudi mashariki kwa reli ya kilomita 522 inayounganisha Dilolo na Tenke, unakuta hali iliyo kinyume kabisa. Kuanzia Kolwezi hadi Fungurume vipo vilima vinavyojitambulisha kwa uwazi wao. Katikati ya msitu unaona kilima kisicho na miti, kwa sababu shaba na kobalti katika udongo ni sumu kwa mimea mingi. Inayostahimili ni nyasi na maua machache, mengine hayapatikani popote pengine duniani. Mmojawapo wa mimea hiyo ya shaba, Haumaniastrum katangense, umewasaidia wataalamu kugundua mahali wahenga walipoyeyushia shaba, kwa kuwa huota juu ya mabaki ya tanuri zao.

Uwazi huo ndio ulioviponza vilima hivyo. Mwanajiolojia Jules Cornet aliyachunguza madini ya Katanga mwaka 1892, na mwaka 1911 uyeyushaji wa shaba wa kiwandani ulianza Lubumbashi kwa mawe ya mgodi wa Étoile. Tangu wakati huo vilima kadhaa vimechimbwa hadi vikawa mashimo. Anayepanda kilima cha shaba leo na kukipiga picha huenda anatunza kumbukumbu ya umbo ambalo wanawe hawatalikuta.

Kumbukumbu isiyo na maelezo haimsaidii mtu. Msafara wa afisa wa Kibelgiji Charles Lemaire ulipita Katanga kati ya 1898 na 1900 ukiwa na mpiga picha, François Michel, na mchoraji, Léon Dardenne. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, msanii Sammy Baloji wa Lubumbashi aliweza kuzichukua kazi zile na kuziuliza maswali mapya kuhusu ukoloni, kwa kuwa ilijulikana nani alizitengeneza, lini na katika safari gani. Nawe andika chini ya kila picha mambo manne: mahali kama wenyeji wanavyopaita, tarehe, upande uliokuwa unatazama, na ulikotoka kufika hapo. Tunza faili la asili. Simu huweza kuhifadhi ndani yake saa na mahali, lakini picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na taarifa hizo hupotea.

Rudia pia njia ileile majira tofauti. Mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua, majani machanga ya miombo huchipua mekundu kama kutu, huku moshi wa moto wa nyika ukiziba upeo. Masika hewa husafika, na bonde ulilolivuka kwa viatu hulivuki tena.

Yapo ya kuacha. Wachokwe, Walunda na Waluena wana mukanda, kambi ya jando porini, na asiyeruhusiwa haikaribii wala haipigi picha. Kupiga picha daraja la mpakani, kituo cha reli au askari huhitaji kibali. Eneo la Moxico ng'ambo ya mpaka lilitegwa mabomu mengi ya ardhini wakati wa vita vya Angola, kwa hiyo usiiache njia inayotumika ili upate picha nzuri. Na kabla ya kupanda kilima cha kijiji, pita kwa chifu umsalimie. Yeye ndiye atakayekwambia jina la kilima na makaburi yaliyoko huko.

Nchi ya Dilolo imeelezwa kwa muda mrefu na wapita njia. Sasa wanaoishi humo wana chombo mkononi. Vijana wa Dilolo, Kasaji na Mutshatsha, tembeeni kwenu, pigeni picha kwa utaratibu, ziandikieni majina, na wekeni nakala katika shule au parokia iliyo karibu, ili wanaokuja nyuma wapate pa kuanzia.